Mtakatifu Pio wa Kumi, Papa wa Komunyo ya Mara kwa Mara

Mtoto wa tarishi

Tarehe 2 Juni mwaka 1835, katika kijiji cha Riese, upande wa kaskazini wa Italia, alizaliwa mtoto mwanaume, akapewa jina la Giuseppe, maana yake Yosefu. Siku zile nchi hiyo ya Veneto ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Baba wa mtoto, Giovanni Battista Sarto, alikuwa tarishi wa kijiji, kazi yake kupeleka barua na amri za serikali. Mama yake, Margherita Sanson, alikuwa mshonaji wa nguo. Mungu aliwajalia watoto kumi; wa kwanza alikufa angali mchanga, na Giuseppe akawa mkubwa wa wote waliobaki.

Mali yao ilikuwa kidogo sana: nyumba ndogo, kipande cha shamba, na mshahara mwembamba wa baba. Chakula cha maskini wa nchi ile kilikuwa ugali wa mahindi, kama wanavyokula watu wengi wa Kongo. Hapo mtoto alijifunza mapema kwamba chakula hakipewi mtu kuwa zawadi ya kumsifu. Hupewa kwa sababu ana njaa, na kwa sababu baba yake anampenda.

Giuseppe alikuwa na akili nyepesi. Alipomaliza masomo ya kijijini, akapelekwa shule ya Castelfranco, mwendo wa kilometa karibu saba. Alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni, wakati wa mvua na wakati wa jua. Mara nyingi alivua viatu vyake akavibeba mkononi, visije vikachakaa upesi, kwa maana baba yake hakuwa na fedha za kununua vingine.

Tangu utoto alikuwa na hamu ya kumpokea Bwana Yezu katika Ekaristi. Lakini desturi ya siku zile iliwakawiza watoto. Giuseppe alijua katekisimu, alitumikia Misa, alisali kwa moyo. Hata hivyo alingoja mpaka mwaka 1847, alipokuwa akielekea umri wa miaka 12.

Mwaka 1850 aliingia seminari ya Padova, akisaidiwa na Kardinali Monico, Patriarka wa Venezia, ambaye yeye naye alizaliwa Riese. Miaka miwili baadaye baba yake alifariki. Mjane akabaki na watoto wengi na deni. Watu wengi wangalimwita mwana mkubwa arudi nyumbani kufanya kazi. Margherita hakufanya hivyo. Aliendelea kushona usiku na mchana, akamwacha mwanawe kwa Mungu. Basi, tarehe 18 Septemba 1858, Giuseppe Sarto alipewa upadri katika kanisa kuu la Castelfranco, mji ule ule alikokwenda shule kwa miguu.

Mchungaji wa watu wa mashamba

Kwanza alitumwa Tombolo, kuwa padri msaidizi. Paroko wake alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, kwa hiyo kazi karibu zote zilimwangukia kijana. Watu wa Tombolo walikuwa wakulima na wachuuzi wa ng'ombe, watu wa nguvu na wa imani, ila midomo yao ilizoea matukano na kulitaja bure jina la Mungu. Wengi hawakujua kusoma. Padri Sarto akaanzisha masomo ya usiku, baada ya kazi za shamba. Wanafunzi walipouliza malipo, yeye hakutaka fedha. Aliwataka waache kutukana, na hayo ndiyo yawe malipo yake.

Mwaka 1867 alifanywa paroko wa Salzano. Miaka sita baadaye, mwaka 1873, ugonjwa wa kipindupindu uliingia nchi ile. Watu wakaogopana, ndugu akamkimbia ndugu. Paroko hakukimbia. Aliingia nyumba hata nyumba, akawapa wagonjwa sakramenti, akawafariji waliobaki, akawazika wafu usiku, hata mwili wake mwenyewe ukadhoofika.

Tangu hapo alipandishwa daraja baada ya daraja, pasipo kutafuta lolote. Mwaka 1875 akawa kanoni wa Treviso na mlezi wa roho za waseminari. Mwaka 1884 akafanywa Askofu wa Mantova. Mwaka 1893 Papa Leo wa Kumi na Tatu akamfanya Kardinali na Patriarka wa Venezia. Lakini kila alipokwenda, kazi yake ya kwanza ilikuwa moja: katekisimu kwa watoto na kwa wakubwa. Hata alipovaa nguo nyekundu za kardinali, hakuona aibu kuketi na watoto na kuwaeleza mambo ya Mungu kwa maneno mepesi. Dada zake walimtunzia nyumba, na fedha zake ziliishia kwa maskini.

Woga ulioingia kati ya Wakristu

Ili kazi kubwa ya mtu huyu ifahamike, inafaa kujua hali ya Wakristu wa siku zile mbele ya Meza ya Bwana.

Katika karne za kwanza za Kanisa, waamini waliokuja kwenye Misa walipokea Mwili wa Bwana. Mtakatifu Yustino mfiadini, katikati ya karne ya 2, alieleza kwamba mashemasi waliwapelekea Ekaristi hata wale wasioweza kufika. Lakini polepole moto ule ulipoa. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano ulilazimika kuamuru kwamba kila Mkristu aliyefikia umri wa akili apokee Komunyo walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Baadaye Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulionyesha hamu ya Kanisa kwamba waamini wanaohudhuria Misa wapokee Komunyo katika kila Misa.

Hamu hiyo haikutimia upesi. Katika karne ya 17 walitokea Ufaransa na nchi za jirani watu walioitwa Wayansenisti. Mmoja wao, Antoine Arnauld, alitoa mwaka 1643 kitabu kikubwa juu ya Komunyo ya mara kwa mara. Wafuasi wa mafundisho hayo walidai utakatifu mwingi mno kwa mtu anayetaka kukaribia altare, hata watu wema wakaona afadhali wakae mbali. Kukaa mbali kukahesabiwa kuwa heshima. Kanisa lilihukumu makosa ya Wayansenisti, lakini woga wao ulibaki katika mioyo ya watu kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili, kama moshi unavyobaki nyumbani baada ya moto kuzimwa.

Kwa sababu hiyo, Wakristu wengi walikomunika wakati wa Pasaka tu, au katika sikukuu chache. Walimu wengine waliandika kwamba wafanyabiashara, au watu wenye ndoa, hawafai kupokea kila siku kwa sababu ya shughuli za dunia. Wengine walifikiri kwamba mtu awe kwanza hana hata dhambi ndogo, ndipo athubutu kukaribia. Ni sawa na kumwambia mgonjwa apone kwanza, ndipo anywe dawa. Ni sawa na kumwambia mwenye njaa apate nguvu kwanza, ndipo apewe chakula.

Madhara yake yalikuwa makubwa. Mtu asiyekula hudhoofika, na roho isiyolishwa hudhoofika vilevile. Aliyekomunika mara moja kwa mwaka alizoea kukaa katika dhambi miezi mingi, akangoja Pasaka ndipo aungame.

Kardinali aliyetaka kurudi nyumbani

Mwezi wa Julai 1903 Papa Leo wa Kumi na Tatu alifariki. Kardinali Sarto akaondoka Venezia kwa gari la moshi, akanunua tikiti ya kwenda na kurudi, kwa maana hakuwaza hata kidogo kwamba atachaguliwa. Kura zilipoanza kumwelekea, alisikitika sana, akawasihi makardinali wamwache. Hatimaye alikubali kama mtu anayekubali msalaba. Tarehe 4 Agosti 1903 alichaguliwa, akajiita Pio wa Kumi. Tikiti yake ya kurudi haikutumika kamwe.

Papa huyu hakutoka katika jamaa za wakuu. Dada zake aliwaweka Roma katika nyumba ya kawaida, pasipo cheo wala utajiri. Siku za Jumapili alishuka katika ua wa Mtakatifu Damaso, ndani ya Vatikano, akawafundisha katekisimu watu wa paroki za Roma, kama alivyowafundisha watu wa Salzano. Tangu mwanzo alitangaza kusudi la kazi yake, nalo ni kuyarudisha mambo yote kwa Kristu. Naye alijua njia: watu hawatarudi kwa Kristu kama hawamjui, wala hawatadumu naye kama hawali kwenye meza yake. Kwa hiyo mwaka 1905, mwezi wa Aprili, alitoa barua juu ya mafundisho ya katekisimu. Na mwezi wa Desemba mwaka ule ule alifungua njia ya Komunyo.

Amri ya mwaka 1905

Tarehe 20 Desemba 1905 Roma ilitoa, kwa amri ya Papa, hati juu ya Komunyo ya mara kwa mara na ya kila siku. Hati hiyo ilikata mashauri ya siku nyingi. Ilifundisha kwamba Komunyo ya mara kwa mara, hata ya kila siku, ni jambo linalopendwa sana na Kristu na Kanisa, nayo iko wazi kwa waamini wote wa kila hali ya maisha. Mkulima, mfanyabiashara, mama mwenye watoto, askari, mwanafunzi, hakuna azuiwaye, kama anayo mambo mawili.

Jambo la kwanza ni hali ya neema. Mwenye dhambi ya mauti aende kwanza kuungama. Hapa Papa hakulegeza kitu, kwa maana chakula hakimsaidii mfu.

Jambo la pili ni nia njema. Mtu asikaribie kwa mazoea tu, wala kwa majivuno, wala kwa kutaka kuonekana na watu. Akaribie ili ampendeze Mungu, aungane naye zaidi katika mapendo, na apate dawa ya udhaifu na makosa yake.

Ni vema sana, ilisema hati hiyo, mtu awe mbali hata na dhambi ndogo alizozitaka kwa makusudi. Walakini zisihesabiwe kuwa kizuizi. Yatosha asiwe na dhambi ya mauti, tena akusudie kutotenda dhambi siku zinazokuja. Akikomunika kila siku kwa nia hiyo, polepole atawekwa huru na dhambi ndogo vilevile. Ndiyo maana ya fundisho la Trento, kwamba Ekaristi ni dawa inayotuponya makosa ya kila siku na kutukinga na dhambi za mauti.

Walikuwako walioona hofu kwamba watu watazoea mno, na heshima itapungua. Hati yenyewe iliijibu hofu hiyo. Iliagiza matayarisho mema kabla ya Komunyo, na shukrani baada yake, kila mtu kwa kadiri ya nguvu na kazi zake. Iliagiza pia mtu aombe shauri la padri muungamishi wake. Lakini muungamishi naye alikatazwa kumzuia mtu aliye katika hali ya neema na mwenye nia njema.

Papa hakuwasahau wagonjwa. Siku zile sheria iliwataka wote wafunge kabisa tangu usiku wa manane kabla ya Komunyo, wasionje chakula wala maji. Mgonjwa wa siku nyingi angewezaje? Mwaka 1906 Pio wa Kumi aliruhusu wagonjwa waliolala mwezi mzima, pasipo tumaini la kupona upesi, wapokee Komunyo siku kadhaa hata kama wamekunywa kitu. Ilikuwa hatua ndogo, lakini Mapapa waliomfuata waliiendeleza. Pio wa Kumi na Mbili alipunguza mfungo mwaka 1953 na tena mwaka 1957, na tangu mwaka 1964 umekuwa wa saa moja tu kabla ya Komunyo.

Watoto waje kwa Bwana

Bado lilibaki kundi moja lililosimama nje ya mlango, nalo ni watoto. Katika nchi nyingi mtoto alingoja mpaka miaka 10, 12, 14, au zaidi. Alikaa mbali na Yezu katika miaka ile ile ambayo moyo wake ulikuwa safi, kisha alipokaribishwa, mara nyingi dhambi ilikuwa imekwisha kutangulia kuingia. Mahali pengine hata kuungama hakuruhusiwa. Tena kulikuwa na jambo la kuhuzunisha zaidi: mtoto mwenye akili, aliyekuwa karibu kufa, alinyimwa Chakula cha safari ya mwisho, akazikwa kwa ibada ya watoto wachanga, kana kwamba hakuwahi kujua jema na baya.

Tarehe 8 Agosti 1910 Papa alitoa amri ya pili. Umri wa Komunyo ya kwanza ni umri wa akili, yaani mtoto anapoanza kupambanua, karibu na mwaka wa saba, pengine baadaye kidogo, pengine kabla. Mtoto hadaiwi kujua katekisimu yote. Yatosha ajue, kwa kadiri ya akili yake, mafumbo ya imani yaliyo ya lazima kwa wokovu, na aweze kuutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, apate kuukaribia kwa heshima ya umri wake. Mengine atajifunza polepole, naye asiache kufundishwa baada ya Komunyo ya kwanza. Wajibu huo uliwekwa juu ya wazazi, waungamishi, walimu na maparoko. Tena Papa aliamuru hati hiyo isomwe kwa watu kila mwaka, wakati wa Pasaka, katika lugha yao wenyewe.

Si wote walioipokea kwa furaha. Katika nchi nyingine Komunyo ya kwanza ilikuwa sherehe kubwa ya mwisho wa katekisimu. Basi watu waliogopa kwamba watoto, wakisha kukomunika wangali wadogo, hawatarudi tena kusoma. Papa alisimama imara. Mtoto asinyimwe Bwana wake kwa sababu ya uzembe wa wakubwa. Afadhali wakubwa waache uzembe wao. Mwaka 1912 mamia ya watoto wa Ufaransa walisafiri mpaka Roma kumshukuru. Mzee huyo, aliyengoja mwenyewe mpaka karibu miaka 12, aliwapokea kama baba apokeavyo wanawe.

Kifo na utukufu

Katika majira ya joto ya mwaka 1914 vita kubwa ilianza Ulaya. Wakristu waliokula kwenye meza moja walishika silaha kuuana. Moyo wa Papa ulijaa uchungu. Katikati ya Agosti aliugua, na tarehe 20 Agosti 1914 akafariki. Katika wosia wake alikumbusha kwamba alizaliwa maskini na kuishi maskini, akaeleza hamu yake ya kufa maskini vilevile. Ndivyo ilivyokuwa.

Watu walianza mapema kwenda kusali kaburini pake. Papa Pio wa Kumi na Mbili alimtangaza mwenye heri tarehe 3 Juni 1951, akamtangaza mtakatifu tarehe 29 Mei 1954. Kijiji chake cha kuzaliwa huitwa leo Riese Pio X, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 21 Agosti.

Fundisho la maisha yake

Katika parokia nyingi mpaka leo wako watu wanaohudhuria Misa Jumapili hata Jumapili, na wakati wa Komunyo hubaki wameketi. Wengine wana kizuizi cha kweli. Hao wamwendee padri pasipo haya, waanze safari ya kurudi. Lakini wengine hawana kizuizi ila woga na uvivu. Huyu hajisikii mtakatifu wa kutosha. Yule alikasirika na jirani yake juzi, akaona bora aache mwezi mzima. Yule mwingine angekwenda kuungama, lakini huahirisha kila juma. Hao wote Papa Pio wa Kumi aliwajibu zamani: Meza ya Bwana haikuandaliwa kwa ajili ya kuwatuza waliokwisha kushinda, iliandaliwa ili wanaopigana wapate nguvu.

Wako pia Wakristu wa vijiji vya mbali, ambao padri huwafikia mara chache kwa mwaka. Hao wasikate tamaa. Kanisa hufundisha kwamba mtu aweza kumpokea Yezu kwa tamaa ya moyo, akisali na kumwita aje rohoni mwake, na tamaa hiyo huleta neema nyingi. Ila padri anapofika, mwenye tamaa ya kweli hujulikana: hutangulia kuungama, na hakosi kwenye Meza.

Wazazi nao wamkumbuke Margherita Sanson na sindano yake. Mama aliyeshona usiku ili mwanawe asirudi nyuma katika njia ya Mungu, alilishirikisha Kanisa lote mkate wa nyumba yake maskini. Mzazi amfundishaye mtoto wa miaka saba sala na heshima ya Ekaristi, kisha akamwongoza kwa mkono mpaka altareni, anafanya kazi ile ile.

Mtakatifu Pio wa Kumi, utuombee tuwe na njaa ya Mkate wa uzima.